Nukta Mia Sita kwa Inchi

Kiruna, Desemba. Jua liliaga wiki iliyopita
na halina ahadi na mtu mpaka Januari.
Saa nane mchana giza limeegemea dirisha
nami naandika mstari mmoja kwenye skrini nyeusi:

kwa kila faili iliyomo foldani,
igeuze picha, nukta mia sita kwa inchi,
iache na jina lake lile lile,
ukimaliza, chukua inayofuata.

Basi. Hakuna kubofya, hakuna kipanya.
Ramani elfu moja mia tisa na mbili
za nyumba zinazongoja tingatinga,
maana mgodi umekula chini yetu
na mji unahama, mtaa kwa mtaa,
kama mpangaji aliyepewa notisi na ardhi.

Torsten alitaka kuzifungua moja moja.
"Tutamaliza Pasaka," alisema, akihesabu kwa vidole.
Haba na haba, nilimjibu, najua,
ila kibaba changu kinatakiwa Ijumaa.

Mara ya kwanza nilikosea. Niliiambia nukta sabini na mbili
na mashine, mtumishi asiyeuliza,
ikanipa ukungu: kuta zimepauka
kama nyayo kwenye theluji baada ya upepo,
sita haijulikani na nane,
mlango haujulikani na ufa.
Nikafuta zote. Nikaanza upya.

Sasa feni inavuma chini ya meza.
Moja. Mbili. Hamsini. Mia tatu.
Kila picha nzito kama gunia la mawe,
diski inajaa, kahawa inapoa,
treni ya chuma inapita, vikombe vinatetemeka,
na namba zinapanda skrini bila kushikwa mkono.

Kwenye mia nne na kumi na nane, ikasimama.

Faili ile mtu aliipa jina la maneno matatu,
*Köket hos Hjalmar*, yaani jikoni kwa Hjalmar,
na mashine, ikiona nafasi katikati ya maneno,
ilidhani imetumwa kutafuta vitu vitatu.
Ikatafuta. Ikarudi na majibu:

*Köket*: haipo.
*hos*: haipo.
*Hjalmar*: haipo.

Mashine haijui ngeli.
Haimtengi mtu na faili.
Nilikaa nikiitazama ile "haipo"
na mdomo wangu ukaisahihisha wenyewe, polepole:
hayupo.
Tulimzika Aprili, ardhi ilikuwa bado jiwe,
ilibidi iyeyushwe kwa moto siku mbili
kabla ya kukubali koleo.

Dawa ni ndogo. Alama za kunukuu,
moja mbele, moja nyuma,
kama viganja viwili vilivyobeba maji,
na jina halimwagiki tena.
Nikaziweka. Nikabonyeza.
Jiko likaja zima.

Nikalikuza. Likazidi kukua na halikuvunjika:
jiko la kuni, sinki, vipimo kwa sentimita,
nyuzi za karatasi yenyewe, duara la kikombe cha mtu,
na pembeni mwa dirisha, kwa penseli,
maandishi ambayo jicho tupu lingesema ni vumbi:
*lisogee kushoto shubiri moja, Elna apate mwanga.*

Nikampigia Elna. Akaja na buti zenye barafu,
hakuvua hata kofia.
Akasoma. Akasogeza uso karibu na kioo
mpaka pumzi yake ikakifunika.
Nilidhani atalia. Nilikuwa nimeshaandaa kiti.

"Hakulisogeza," akasema.
"Miaka arobaini na mitatu
naosha vyombo nikitazama ukuta wa jirani."
Akacheka kidogo, akaivuta kofia hadi masikioni.
"Nichapie kubwa," akasema. "Kubwa kuliko mlango."

Nyuma yake, bila kugeuka, mashine ilikuwa imeshafika
mia nne na thelathini na moja.